Presha Imepanda au Imeshuka? Utendaji wa Dawa za Moyo na Shinikizo la Damu katika Uuguzi wa Wagonjwa Mahututi

1. Utangulizi

Neno presha ni miongoni mwa maneno ya mkopo yaliyokita mizizi katika Kiswahili cha Kenya. Mtu akisema kwamba mama yake ana presha, hakuna anayeuliza iwapo imepanda au imeshuka. Kila asikiaye hufahamu kuwa imepanda. Dawa ya presha nayo hufahamika kuwa ni kidonge cha kuishusha. Maana hii yatosha sokoni, nyumbani na hata katika zahanati. Haitoshi katika chumba cha wagonjwa mahututi, kwani humo dawa ya presha aghalabu ni dawa ya kuipandisha, na habari kwamba presha imeshuka yaweza kuwa tangazo la hatari kubwa. Jamaa wa mgonjwa aliyesimama mlangoni akiambiwa, "Presha yake imeshuka sana," anaweza kumshukuru Mungu na kwenda zake nyumbani, ilhali muuguzi alikuwa anamtayarisha kwa msiba.

Makala haya yanadhamiria kueleza, kwa Kiswahili, jinsi dawa za moyo na shinikizo la damu zinavyofanya kazi mikononi mwa wauguzi wa wagonjwa mahututi. Lengo la pili ni kuonyesha mahali ambapo msamiati wetu unahitaji kunolewa ili maelezo hayo yasipotoshe. Mwandishi ni mwanafunzi wa fasihi wala si tabibu. Kwa hivyo viwango vitakavyotajwa ni vya kufafanulia hoja, si mwongozo wa kumtibu mtu. Hata hivyo, tunaamini kwamba lugha isiyoweza kueleza kinachompata mtu akiwa baina ya uhai na mauti ni lugha iliyokimbia mojawapo ya majukumu yake.

2. Shinikizo la Damu ni Nini Hasa?

Kosa la kwanza la kimaana ni kulichukulia shinikizo la damu kuwa jina la ugonjwa. Kila aliye hai ana shinikizo la damu; asiyekuwa nalo ni maiti. Shinikizo ni nguvu ambayo damu hutumia kusukuma kuta za mishipa inamopita. Hupimwa kwa milimita za zebaki na kuandikwa kwa tarakimu mbili, mathalani 120 juu ya 80. Tarakimu ya kwanza ni ya wakati moyo unapojikaza, na ya pili ni ya wakati moyo unapolegea ili ujae tena.

Wauguzi wa wagonjwa mahututi hutazama zaidi tarakimu ya tatu, yaani shinikizo la wastani. Ili kuipata kwa makadirio, huchukuliwa tarakimu ya chini mara mbili, ikajumlishwa na ya juu, kisha jumla ikagawanywa kwa tatu. Kwa mfano wetu, 80 na 80 na 120 ni 280; ukigawanya kwa tatu unapata takriban 93. Tarakimu hii ina uzito kwa sababu ndiyo inayokadiria nguvu inayoifikisha damu katika ubongo, figo na ini. Kwa mgonjwa ambaye mzunguko wake wa damu umeporomoka kutokana na maambukizi makali, miongozo ya kimataifa hupendekeza lengo la kwanza liwe 65. Shinikizo likikaa chini ya hapo kwa muda, figo huanza kukosa damu ya kuchuja, mkojo hupungua, na fahamu huweza kuvurugika.

Shinikizo hutokana na mambo mawili: kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kwa dakika, na ukinzani wa mishipa inayoipokea damu hiyo. Mfano wa karibu ni mpira wa kumwagilia bustani maji. Ukifungua mfereji zaidi, maji hutoka kwa nguvu. Ukiubana mpira kwa kidole, nguvu huongezeka vilevile, ingawa mfereji hukuugusa. Moyo ndio mfereji. Ateri ndogo ndizo kidole.

Kiasi kinachosukumwa na moyo nacho hutegemea mapigo kwa dakika na ujazo wa kila pigo. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika ukipiga mara 70 kwa dakika, na kila pigo likitoa mililita 70, basi unasukuma mililita 4,900, yaani karibu lita tano, kila dakika. Ujazo wa pigo moja hutegemea mambo matatu: damu iliyorudi na kuujaza moyo kabla ya kujikaza, nguvu ya misuli ya moyo wenyewe, na mzigo ambao moyo unapaswa kuushinda ili damu itoke. Takriban kila dawa tutakayoieleza inagusa mojawapo ya sehemu hizi. Msomaji akiyakumbuka mambo haya, majina marefu ya dawa hayatamtisha.

3. Vipokezi: Makufuli na Funguo

Dawa hujuaje pa kwenda? Jibu ni kwamba inakwenda kila mahali damu iendako, lakini inatenda pale tu inapokuta kipokezi kinachoilingana. Kipokezi ni umbo la protini lililo juu ya seli, mfano wa kufuli. Dawa ni ufunguo. Ipo dawa inayofungua kufuli, na ipo nyingine inayoingia ikakwama humo ili ufunguo halisi usipate nafasi. Ya kwanza huamsha kipokezi, ya pili hukizuia.

Mwaka 1948 mwanafamakolojia wa Marekani, Raymond Ahlquist, alieleza kuwa vipokezi vya adrenalini ni vya aina mbili, akaviita alfa na beta. Baadaye aina hizo ziligawanywa zaidi. Kwa mada yetu, vitatu vyatosha. Alfa 1 vimo katika misuli laini ya mishipa ya damu, na vikiamshwa mishipa hubana. Beta 1 vimo hasa katika moyo, na vikiamshwa moyo hupiga haraka na kwa nguvu zaidi. Beta 2 vimo katika njia za hewa za mapafu na katika baadhi ya mishipa, na vikiamshwa misuli hulegea. Uvumbuzi huo ulimwelekeza Mskochi James Black kwenye propranololi, dawa inayozuia vipokezi vya beta. Kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1988.

4. Dawa za Kupandisha Shinikizo

Mgonjwa ambaye mzunguko wake wa damu umeporomoka huongezewa maji mishipani kwanza iwapo ameyapungukiwa. Mpira usio na maji haufaidiki kwa kubanwa. Ikiwa shinikizo bado liko chini, au liko chini mno kiasi cha kutoweza kusubiri, dawa huanzishwa.

Dawa inayotangulizwa katika mporomoko unaoletwa na maambukizi ni noradrenalini. Maambukizi makali huifanya mishipa ilegee kupita kiasi, na damu, ingawa imo mwilini, haina msukumo. Noradrenalini huamsha alfa 1 kwa nguvu na beta 1 kwa kiasi, kwa hivyo hubana mishipa na kuusaidia moyo kidogo. Ikiwa haitoshi, huongezwa vasopresini. Hii haitumii makufuli ya adrenalini kamwe. Ina vipokezi vyake yenyewe, na ndiyo maana hufaa pale ambapo vile vya kwanza vimechoka kuitika.

Adrenalini huamsha vyote vitatu. Katika jitihada za kumhuisha mtu ambaye moyo wake umesimama, hudungwa miligramu moja kila baada ya dakika tatu hadi tano. Faida yake hapo hutokana hasa na kubana mishipa ya mwili, ili damu inayosukumwa kwa mikono ya wahudumu juu ya kifua iifikie mishipa inayoulisha moyo wenyewe.

Dobutamini ina tabia nyingine. Huamsha beta 1 hasa, na kwa hivyo huutia nguvu moyo uliodhoofika. Kwa vile inagusa pia beta 2, huweza kulegeza mishipa na hata kulishusha shinikizo kidogo. Muuguzi asiyelijua hili atashangaa kuona dawa ya kusaidia moyo ikiteremsha tarakimu.

Dopamini ilitumika sana zamani. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliowalinganisha wagonjwa 1,679, baadhi wakipewa dopamini na wengine noradrenalini. Idadi ya vifo haikutofautiana kwa namna ya kuaminika, lakini waliopewa dopamini walipatwa na mapigo yaliyovurugika mara nyingi zaidi: asilimia 24.1 ikilinganishwa na asilimia 12.4. Tangu hapo dopamini imerudi nyuma katika safu.

Ikumbukwe kwamba dawa hizi haziponyi chanzo. Moyo uliochoka ukiamshwa kwa beta 1 ni kama punda aliyechoka akichapwa mlimani: atapanda, lakini kwa kutumia nguvu ambazo hana akiba yake. Moyo unaopiga haraka hutumia oksijeni zaidi, na mishipa iliyobanwa mno huvinyima damu vidole vya mikono na miguu. Kazi ya dawa ni kununua muda hadi viuavijasumu, upasuaji au tiba nyingine ing'oe mzizi wa tatizo.

5. Dawa za Kushusha Shinikizo

Upande wa pili wapo wagonjwa ambao shinikizo limepanda hadi kuhatarisha ubongo, moyo, figo au macho. Hapa pia njia ni zile zile, ila kinyume chake. Nitrogliserini hutoa oksidi ya nitriki ambayo huilegeza misuli laini, hasa ya vena. Damu nyingi hukaa katika vena, moyo ukapata kidogo cha kuusukuma, na mzigo wake ukapungua. Haidralazini hulegeza ateri ndogo. Labetaloli huzuia alfa na beta kwa pamoja, kwa hivyo mishipa hulegea bila moyo kuanza kwenda mbio. Nitroprusidi ya sodiamu hulegeza ateri na vena kwa haraka sana, lakini huvunjika na kutoa sianidi, na huharibiwa na mwanga. Ndiyo sababu chupa na mrija wake hufunikwa.

Mtu wa kawaida angedhani kwamba kama shinikizo limefika 230 juu ya 130, wema ni kulirudisha 120 juu ya 80 papo hapo. La hasha. Ubongo wa mtu aliyeishi na shinikizo la juu kwa miaka umeyazoea mazingira hayo. Mishipa yake imejifunza kubana ili kujikinga. Ukilishusha ghafla, ubongo huo huo hukosa damu, na mgonjwa aliyeingia akizungumza anaweza kupatwa na kiharusi. Kwa wengi, shabaha ya saa ya kwanza ni kutopunguza zaidi ya robo ya shinikizo la wastani. Haraka haraka haina baraka, hapa, ni kanuni ya famakolojia. Zipo hali zenye sheria tofauti, mathalani kuchanika kwa ukuta wa ateri kuu, ambako kasi inahitajika.

Kwa mama mjamzito, shinikizo la 160 juu ya 110 au zaidi ni dharura. Labetaloli, haidralazini au nifedipini hutumiwa kulishusha, na salfeti ya magnesiamu huongezwa ili kuzuia degedege la kifafa cha mimba. Magnesiamu hiyo haipewi kwa ajili ya shinikizo, ingawa mara nyingi huitwa dawa ya presha na walio kando ya kitanda.

6. Mapigo, na Sumu Iliyogeuka Dawa

Kundi la tatu hushughulikia mwendo wa moyo. Atropini huzuia neva inayoupunguza moyo kasi, kwa hivyo huuharakisha moyo uliozembea. Adenosini huzikata kwa muda njia za umeme katikati ya moyo. Kwa kuwa hudumu katika damu kwa sekunde chache tu, hudungwa kwa haraka na kufuatishwa na maji ya chumvi mara moja. Amiodaroni hutuliza mapigo yaliyovurugika, nayo hukaa mwilini kwa wiki nyingi.

Digoksini ina historia inayotuhusu kwa karibu. Mwaka 1785 tabibu Mwingereza William Withering alichapisha maelezo ya mmea wa digitali na faida zake kwa waliovimba miili. Jamaa ya kemikali hiyo imekuwa Afrika ya Mashariki muda mrefu. Wagiriama na Waata wa bara ya Pwani ya Kenya walipaka mishale yao utsungu, sumu iliyochemshwa kutoka miti ya jamii ya Acokanthera. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud alitenga kutoka mti wa jamii hiyo kemikali iitwayo uabaini, jina lenye asili ya Kisomali. Uabaini na digoksini hufanya kazi kwa njia moja: huzuia pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu katika seli. Sodiamu hubaki ndani, kalsiamu nayo hushindwa kutoka, na msuli wa moyo hujikaza kwa nguvu zaidi. Kwa kipimo kidogo ni dawa. Kikizidi, moyo husimama. Neno utsungu ni ndugu wa uchungu wa Kiswahili sanifu. Wazee wetu hawakuijua pampu ya sodiamu, lakini walijua kwamba baina ya uchungu wa dawa na uchungu wa mshale pana kipimo tu.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kumpa mtu mzima digoksini, muuguzi husikiliza moyo kwa dakika nzima na kuhesabu mapigo. Yakiwa chini ya 60, kwa kawaida huizuia dawa na kumwarifu daktari. Huangalia pia kiwango cha potasiamu, maana ikipungua sumu huongezeka, na humwuliza mgonjwa kama ana kichefuchefu au anaona vitu kwa rangi ya manjano.

7. Mkono wa Muuguzi

Daktari huagiza, lakini anayekaa na dawa usiku kucha ni muuguzi. Noradrenalini hudumu katika damu kwa takriban dakika mbili. Ikikatika, shinikizo huporomoka kabla ya mtu kufika mwisho wa ukumbi. Ndiyo maana huendeshwa kwa pampu ya sindano bila kukoma, na bomba jipya la sindano hutayarishwa kabla ya la kwanza kwisha.

Hesabu nayo haina msamaha. Tuchukue mgonjwa wa kilo 60 aliyeagiziwa mikrogramu 0.1 kwa kila kilo kwa dakika. Hizo ni mikrogramu sita kwa dakika, au 360 kwa saa. Ikiwa miligramu nne za dawa zimechanganywa katika mililita 50, kila mililita ina mikrogramu 80. Gawanya 360 kwa 80; pampu itawekwa mililita 4.5 kwa saa. Nukta ikiruka, ikawa 45, mgonjwa atapata mara kumi ya alichoagiziwa.

Fauka ya hesabu, muuguzi huchunguza mahali mrija ulipoingia. Noradrenalini ikivuja nje ya vena hubana mishipa ya hapo hadi nyama kufa. Hivyo hupendelewa vena kubwa, na dawa ya fentolamini huweza kudungwa mahali hapo kuokoa ngozi. Hugusa miguu kujua kama ina joto, hupima mkojo kila saa, hutazama fahamu. Tarakimu ya kwenye mashine ni shahidi mmoja tu. Mwili wa mgonjwa ni shahidi wa pili, na wakipingana muuguzi hana budi kuwahoji wote wawili.

8. Neno Linapokosa Makali

Turejee sasa kwenye lugha. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo katika lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Kwa Wakenya wengi lugha hiyo ni Kiswahili. Je, Kiswahili kinachotumika mlangoni pa chumba cha wagonjwa mahututi kinatosha?

Tumekwisha kuona utata wa presha. Wa pili ni wa neno mshtuko. Katika mazungumzo, mshtuko ni fadhaa ya moyo. Mshtuko wa moyo katika magazeti ni kuziba kwa mishipa inayoulisha moyo. Na baadhi ya wahudumu hulitumia neno lilo hilo kwa kuporomoka kwa mzunguko wa damu. Jamaa akiambiwa kwamba ndugu yake yumo katika mshtuko, ataelewa kwamba ameogopa. Tunapendekeza mporomoko wa mzunguko wa damu kwa maana hii ya tatu. Ni kirefu, lakini hakidanganyi.

Wa tatu ni mshipa, neno linalobeba ateri, vena, neva na hata ngiri. Ateri, vena na neva tayari yanatumika katika maandishi ya sayansi. Kilichobaki ni kuyazoesha masikio.

Utata wa nne si wa neno bali wa sentensi. Muuguzi husema, "Tumempunguzia dawa." Familia inayouza ng'ombe kulipia hospitali husikia kwamba mgonjwa wao ananyimwa. Kinyume chake, "Tumemwongezea dawa" husikika kama bidii na matumaini. Katika dawa za kupandisha shinikizo maana ni kinyume kabisa: kupunguza ni dalili kwamba mwili umeanza kujitegemea, na kuongeza ni dalili kwamba unashindwa. Sentensi salama ni ile inayotaja dawa, mwelekeo na maana yake kwa pamoja: "Dawa inayolishikilia shinikizo lake tumeipunguza, kwa sababu moyo na mishipa yake imeanza kulishikilia yenyewe." Maneno machache ya ziada yanaweza kuondoa usiku mzima wa machozi yasiyo na sababu, au, pale ambapo dawa inaongezwa, kuipa familia nafasi ya kuaga.

9. Hitimisho

Tumeona kuwa dawa za moyo na shinikizo la damu, kwa wingi wake, zinafuata njia chache: hubana au kulegeza mishipa, huharakisha au kutuliza mapigo, huutia moyo nguvu au kuupunguzia mzigo. Tumeona pia kwamba mambo haya yanaelezeka kwa Kiswahili bila kuupotosha ukweli wake. Istilahi zimekuwapo kwa muda. Kamusi ya Tiba ya TUKI ilichapishwa mwaka 2003. Upungufu uko katika matumizi, hasa baina ya anayejua na anayengoja kujulishwa.

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuchambua utata wa maana katika tamthilia na mashairi. Ujuzi huo huo unahitajika katika vyuo vya uuguzi, ambako mafunzo hutolewa kwa Kiingereza ilhali mazungumzo na familia hufanywa kwa Kiswahili. Tunapendekeza idara za Kiswahili zishirikiane na vyuo hivyo kuandaa vijitabu vya maelezo ya kando ya kitanda, vikihakikiwa na wauguzi wenyewe na kujaribiwa kwa jamaa za wagonjwa kabla ya kusambazwa. Kazi ya kwanza ya vijitabu hivyo iwe kuhakikisha kwamba anayeambiwa presha imeshuka anaambiwa pia imeshuka hadi wapi, na iwapo ni heri au ni shari.